Makali Kwanza, Gongo Baadaye: Jinsi Mazoezi ya Kuteleza Kisanaa Yanavyomjenga Mchezaji wa Hoki

Mazoezi yetu hapa Mtwara huanza na vitu vitatu: fagio la njiti, chaki, na kamba yenye urefu wa mita 4.5. Magongo hubaki kwenye gunia pembeni mwa uwanja. Mtu akipita akaona vijana wanazunguka duara taratibu kwa mguu mmoja, mikono wameikunjua kama mbawa, huuliza kama tunafundisha ngoma. Nikimjibu kwamba hii ni hoki, anatafuta mpira kwa macho na haoni. Ndipo huwa namwomba akae nusu saa atazame, kwa sababu jambo ninaloliamini kuliko yote katika mchezo huu liko hapo kwenye duara: mchezaji wa hoki anayejua kuegemea makali ya kiatu chake atamshinda mwenye misuli, na hakuna mchezo unaofundisha makali vizuri kama ule wa kuteleza kisanaa.

Mimi nilifundishwa hivyo na mjomba wangu, aliyeishi miaka mingi Maputo akicheza hoki ya magurudumu. Alipovuka Ruvuma kurudi nyumbani alikuja na jozi mbili za viatu na msimamo mmoja. Nilipomwomba gongo siku ya kwanza alinijibu, "Mjomba, gongo ni mkono wa tatu. Miguu miwili hujaijua, wa tatu wa nini?" Nilikaa miezi mitatu bila kulishika. Leo nafundisha kwa utaratibu uleule, na mwongozo huu ni kwa mwalimu, mzazi au kijana wa huku Kusini anayetaka kuanza.

Michezo miwili, chuma kimoja

Tuanze na barafu, kwa sababu ndiko mambo haya yalikozaliwa. Kuteleza kisanaa ni ule mchezo wa mtu mmoja au wawili wanaokwenda na muziki, wakiruka na kujizungusha. Hoki ya barafu ni wachezaji 6 kila upande, kipa akiwamo, wanaogombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Michezo hii imetembea pamoja muda mrefu. Kuteleza kisanaa kuliingia Olimpiki ya London mwaka 1908 na hoki ya barafu ikaingia Antwerp mwaka 1920, zote mbili kabla hata Olimpiki ya majira ya baridi haijaanzishwa.

Ukikigeuza kiatu cha barafu ukakitazama kwa chini, utaona chuma kina mfereji mwembamba katikati, na kila upande wa mfereji kuna ukingo mkali. Hayo ndiyo makali mawili: ya ndani, upande wa kidole gumba, na ya nje, upande wa kidole cha mwisho. Chuma cha kisanaa kina unene wa karibu milimita 4, kina mkia unaotokeza nyuma ya kisigino, na mbele kina meno ya kurukia. Cha hoki kina unene wa karibu milimita 3, kimepinda juu mbele na nyuma, na meno hakina. Mchezaji wa hoki anataka kugeuka kwa nafasi ndogo, kwa hiyo chuma chake hugusa barafu sehemu fupi. Wa kisanaa anataka kushika mkunjo mrefu bila kuyumba. Viatu vinatofautiana, lakini kinachomgeuza mtu ni kilekile: kuinamia ukingo mmoja na kuuamini.

Zamani mashindano ya kisanaa yalikuwa na sehemu nzima ya kuchora maumbo kwenye barafu, duara juu ya duara, na waamuzi wakiinama kukagua mstari ulioachwa na chuma. Sehemu hiyo iliondolewa kwenye mashindano ya kimataifa baada ya mwaka 1990. Nasikitika nikifikiria hilo, maana kwa mchezaji wa hoki hiyo ndiyo iliyokuwa shule yenyewe. Kwa bahati nzuri mafunzo yake hayakufa, na makocha wa kisanaa wakaanza kuitwa kwenye hoki. Barbara Underhill wa Kanada alikuwa bingwa wa dunia wa kuteleza wawili-wawili mwaka 1984 pamoja na Paul Martini. Baadaye timu za NHL, ligi kubwa ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, zilimchukua awafundishe wanaume wenye mikataba mikubwa namna ya kusukuma mguu. Dawn Braid, naye mwenye asili ya kisanaa, aliajiriwa na Arizona Coyotes mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha wa kudumu katika ligi hiyo. Na Jeff Skinner alishindana kisanaa utotoni, akapata shaba kwenye mashindano ya vijana wadogo ya Kanada mwaka 2004. Mwaka 2011 akachukua tuzo ya Calder, ya mchezaji bora aliye kwenye msimu wake wa kwanza NHL.

Sisi barafu tuliyonayo ni ya kuhifadhia samaki. Lakini kuna hoki ya magurudumu, inayochezwa sakafuni na watu 5 kila upande, kipa akiwamo, kwenye uwanja wa kawaida wa mita 40 kwa 20. Jirani zetu wa Msumbiji ni mabingwa wa kazi hii. Mwaka 2011 huko San Juan, Argentina, walimaliza wa nne duniani, nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno. Wanatumia kiatu chenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, na kuteleza kisanaa kwa magurudumu hutumia kiatu cha ukoo huohuo. Michezo yote miwili iko chini ya shirikisho moja la dunia, World Skate. Kwa hiyo mtoto wa Ligula au Chikongola akijifunza makali kwa magurudumu, yaani kuegemea upande wa ndani au wa nje wa kiatu, hapotezi kitu.

Hatua ya kwanza: uwanja na viatu

Tafuta zege laini. Uwanja wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15, unatosha kabisa kwa watu kumi na wawili. Kwanza fagia. Mji wetu ni wa mchanga, na punje moja ya kokoto ikiingia chini ya gurudumu la mbele humsimamisha mtu ghafla huku mwili ukiendelea na safari. Fagia kuanzia katikati kwenda nje, halafu tembea uwanja mzima peku ukipapasa kwa nyayo. Zege likilowa, hata kwa umande, mazoezi hakuna. Wakati wa masika sisi huhamia chini ya paa au tunafanya mazoezi ya nchi kavu.

Viatu vingi tunavyovipata ni vya mtumba kutoka Dar es Salaam. Chagua vyenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma. Vile vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja vinafaa pia, na vinakaribia zaidi hisia ya chuma cha barafu, ila mtoto mwenye vifundo dhaifu ataviangusha ndani na kujifunza vibaya. Angalia mambo haya:

- Kiatu kibane kisigino. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, hakuna makali yatakayofundishika.
- Magurudumu yawe laini kwa zege la nje, yale yenye alama ya 78A hadi 85A. Yenye 90 na zaidi ni ya sakafu ya ndani, na nje yatatetemesha meno.
- Chini ya kiatu, penye ekseli, kuna mpira mdogo na nati. Nati ikikazwa sana kiatu hakiinami, na mwanafunzi ataegemea bila kugeuka. Ilegeze robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine. Nati isifike mahali pa kucheza yenyewe.
- Kofia ngumu, pedi za magoti, viwiko na viganja. Asiye na kofia anakaa pembeni anahesabu mizunguko ya wenzake. Hapa sina mjadala na mtu.

Beringi ni shida ya pwani. Hewa ya chumvi huzila haraka kuliko matumizi yenyewe. Kila wiki mbili zitoe, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe juani juu ya kitambaa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila moja. Watoto waliowahi kuunda toroli za mbao za beringi wanaijua kazi hii kuliko mimi.

Hatua ya pili: kuanguka

Mwaka wa kwanza wa kufundisha niliruhusu vijana washindane mbio wiki ileile ya kwanza. Mmoja aliteleza, akatanguliza kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo hakuna anayesogea kabla hajaanguka vizuri mara 20 kwa hiari yake.

Kunja magoti mpaka karibu uchuchumae, lala upande, acha nyonga na paja vipokee uzito. Ngumi zikunjwe, vidole visibaki wazi. Kuinuka: piga goti moja, weka kiatu kimoja mbele, mikono yote juu ya goti hilo, simama. Kwa mchezaji wa hoki hii si adabu ya mwanzo tu. Atakayechelewa kuinuka ameiacha timu na pengo.

Hatua ya tatu: goti

Hapa michezo yetu miwili inatofautiana kwa mara ya kwanza, na mwalimu lazima aijue tofauti. Mtu wa kisanaa hukunja goti na kulikunjua kwa mdundo, anashuka na kupanda. Mchezaji wa hoki hushuka akabaki chini, goti limekunjwa karibu pembe mraba, kifua kimeinama kidogo, macho mbele. Lakini wote wawili nguvu wanaitoa kwenye kukunja. Mguu ulionyooka hauna cha kusukuma.

Niliwahi kuhangaika kulieleza hili. Nikisema "kunja goti", watoto wanainamisha mgongo. Siku moja nikasema, "Kaeni kama mnataka kucheza sindimba." Palepale kila mtu alishuka magoti, nyonga ikalegea, mgongo ukabaki wima kiasi. Mtoto wa Kimakonde hahitaji somo la goti, anahitaji kukumbushwa kwamba analo. Tangu hapo tunapasha mwili kwa ngoma ya simu, dakika 5, bila viatu vya magurudumu.

Ukishapata mkao, fanya hivi: teleza kwa miguu yote miwili, inua mmoja juu kidogo tu, hesabu hadi 3. Ongeza mpaka 8. Goti la mguu uliosimama lipite mbele ya vidole vya mguu. Kisha badilisha. Asiyeweza 8 kwa kila mguu haendi hatua ya nne, hata awe na haraka gani.

Hatua ya nne: duara la makali

Hii ndiyo hatua niliyokuitia. Usiipunguze.

Mtu mmoja ashike ncha ya kamba katikati, mwingine azunguke na chaki. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.5 ni sawa na duara la kuanzishia mchezo kwenye hoki ya barafu, na ndiyo sababu nikachagua urefu huo. Chora mawili yanayogusana, upate umbo la nane. Kwa watoto wa miaka saba au minane fuata kipimo cha zamani cha kisanaa: kipenyo cha duara mara tatu ya urefu wa mtoto.

Anza na makali ya nje, mguu wa kushoto, kuzunguka kushoto. Mwanafunzi anajisukuma mara moja kwa mguu wa kulia, anauinua, anabaki juu ya mguu wa kushoto peke yake akifuata chaki. Mwili mzima uinamie katikati ya duara kwa pamoja, kuanzia kifundo hadi bega, kama dereva wa bodaboda anavyolala kwenye kona ya kuteremkia Mikindani. Akivunja kiuno, bega likaingia ndani na nyonga ikabaki nje, kiatu kitanyooka na yeye atatoka kwenye mstari. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, kifua kikitazama mstari anaoufuata. Mwanzoni atapata robo ya duara. Baada ya wiki tatu nusu inawezekana.

Halafu makali ya ndani, mguu wa kulia, duara lilelile. Hili ni rahisi zaidi kwa wengi, na ndipo hatari ilipo. Mchezaji wa hoki aliyejifunza mwenyewe mitaani huishi kwenye makali ya ndani tu. Anasukuma kwa ndani, anageuka kwa ndani, anasimama kwa ndani. Makali ya nje hayajui, na kwa sababu hiyo nusu ya kiatu chake haifanyi kazi. Mtazame akifika kona: atapanua miguu kama anayepanda ngazi, atapunguza mwendo, kisha atatumia nguvu kuurudisha. Mwenye makali ya nje ameshapita.

Rudia yote kwa kulia. Kisha yote kinyumenyume. Hesabu vizuri: miguu miwili, makali mawili, mbele na nyuma. Ni mikunjo minane. Kila kikao kipitie yote minane, hata kama kila mmoja utapewa dakika 2 tu. Kinyumenyume uzito uko mbele kidogo ya katikati ya unyayo, shingo imegeuzwa kutazama unakokwenda, na goti, kama kawaida, chini.

Usimwambie mwanafunzi aende kasi. Mwendo wa polepole hauna pa kujifichia, kila kosa linaonekana kwenye chaki. Kijana mmoja mwenye nguvu sana, mbeba magunia wakati wa msimu wa korosho, aliwahi kuniambia, "Kocha, nikienda mbio naweza, nikienda taratibu naanguka." Nikamjibu, "Mwanangu, basi bado huwezi. Mbio zinakubeba tu." Aliudhika, lakini alibaki, na sasa ndiye anayewashikia kamba wadogo zake.

Hatua ya tano: kuvuta nyoka

Ukiwa juu ya mguu mmoja, toka makali ya ndani uende ya nje, rudi ya ndani, bila kugusa chini kwa mguu mwingine. Alama yake ni ya nyoka. Siri ni kushuka goti mwanzoni mwa kila mkunjo na kupanda kidogo unapobadilisha upande, huku mabega yakibaki na nyonga zikigeuka chini yake. Ukifanya sawasawa kasi inaongezeka bila kusukuma. Ni ajabu ya kwanza ambayo wanafunzi hushangilia. Watu wa kisanaa hulitumia zoezi hili kupima nguvu ya goti. Kwenye hoki ndilo linalokuwezesha kumkwepa mtu ukiwa umeinua mguu mmoja baada ya kusukumwa, pale ambapo mtu mwingine angekuwa anahangaika kuurudisha chini. Mizunguko 4 kila mguu inatosha, kwa kuwa inachosha haraka.

Hatua ya sita: kupishanisha miguu

Kwenye kona, mguu wa nje huvuka juu ya wa ndani. Karibu kila anayeteleza anaweza kuvusha mguu, ila wachache wanajua kwamba hapo kuna misukumo miwili.

Tukizunguka kushoto: mguu wa kulia, juu ya makali ya ndani, unasukuma kwenda nje. Huo kila mtu anao. Kisha unavuka mbele ya wa kushoto na kutua. Wakati huo mguu wa kushoto uko chini ya mwili, juu ya makali ya nje. Hapa ndipo wengi huuinua tu na kuurudisha mahali pake, kama mtu anayeruka dimbwi. Badala yake usukume, ukatize chini ya mwili kwenda upande wa kulia, mpaka goti linyooke. Huo ni msukumo wa pili, bure kabisa, na unatoka kwenye makali ya nje uliyoyajenga hatua ya nne.

Fundisha hivi. Mwanafunzi asimame pembeni mwa duara akishika bega la mwenzake. Mguu wa kushoto uko chini yake, wa kulia umeshavuka. Asukume wa kushoto kwenda kulia taratibu, auone unapita nyuma ya wa kulia, aurudishe. Mara 15. Halafu kwenye duara, kila msukumo wa chini ausemee kwa sauti: "Chini!" Kelele za vijana kumi wakiita "chini, chini" zinafurahisha kuzisikia, na kwa mdundo tu unajua nani amedanganya. Misukumo miwili ina urefu sawa, kwa hiyo sauti huja kwa mapigo sawa. Anayeruka dimbwi huita mapema.

Magongo yakija baadaye, duara hili ndilo litakalomtoa mshambuliaji pembeni na kumfikisha mbele ya goli akiwa na kasi zaidi ya aliyoingia nayo.

Hatua ya saba: kugeuka

Mageuko ya kisanaa ni mengi na nisingependa uwamalize vijana kwa yote. Chukua matatu.

La kwanza ni namba tatu: mguu mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, makali ya nje yanageuka kuwa ya ndani. Mstari wake huchora 3. Mabega hutangulia kugeuka, nyonga hufuata, kisha mabega yazuiwe ili mwili usiendelee kuzunguka. Kugeuka kunafanyika mbele ya unyayo, uzito ukiwa umepunguzwa kisigino. Kwenye mechi hutalitumia sana, lakini linafundisha bega na nyonga kufanya kazi tofauti, na bila hilo mengine hayaji.

La pili ni mohaki: unatoka makali ya ndani ya mguu mmoja ukienda mbele, unatua makali ya ndani ya mguu mwingine ukienda nyuma, juu ya duara lilelile. Hili ndilo mkate wa beki. Mshambuliaji anakuja, beki anageuka kumkabili bila kupoteza mwendo. Nyonga lazima zifunguke, kisigino kije kwenye tumbo la mguu mwingine. Wenye nyonga ngumu wakae chini nyayo zikigusana, magoti nje, dakika 3 kila siku nyumbani.

La tatu watu wa kisanaa huliita kwa jina la tai aliyetandaza mbawa: visigino vinatazamana, vidole vya mguu mmoja vinaelekea mbele na vya mwingine nyuma, unateleza mkunjo mmoja kwa miguu yote. Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh Penguins, anajulikana sana kwa mkao huu. Anakinga kisahani kwa mwili huku kifua kikitazama uwanja wote. Usimlazimishe mtoto. Nyonga zikiwa tayari, huja wenyewe.

Hatua ya nane: kusimama

Kwenye barafu hoki husimama kwa kugeuza vyuma vyote viwili kukatisha mwendo, unga wa barafu ukiruka. Kwenye zege na magurudumu laini usijaribu, magurudumu hung'ang'ania na mtu hurushwa. Tumia mohaki kugeuka nyuma, kisha panda juu ya mpira wa breki ulio mbele ya kiatu, goti limekunjwa. Papo hapo unaweza kukimbia hatua tatu juu ya mipira hiyohiyo na kuondoka upande mwingine. Kwa mwendo mdogo, buruta mguu wa nyuma ukiwa umekatiza wa mbele.

Vitu vya kuacha kwenye kisanaa

Kuna mambo ukiyabeba kwenye hoki yatakuumiza. Mikono ya mbawa iishie hatua ya sita. Kuanzia hapo viganja vikae mbele ya kiuno, kana kwamba vimeshika kitu. Kuteleza kirefu kwa mguu mmoja kunapendeza, lakini mechini mguu urudi chini ya mwili haraka. Mtu wa kisanaa anajua hatua yake inayofuata, wa hoki haijui mpaka mwenzake asogee. Kwa hiyo hata kwenye duara piga filimbi bila taarifa, na kila filimbi wageuze upande.

Pumzi nazo ni tofauti. Mchezo mrefu wa kisanaa ni kama dakika 4 mfululizo. Kwenye hoki ya barafu mchezaji huingia kwa takriban sekunde 45 za nguvu zote, anatoka, anapumzika, anarudi. Wape vijana mbio za sekunde 40, mapumziko ya dakika 2, mara 6.

Ratiba, na lini gongo litoke

Sisi hukutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 10:30 jioni hadi saa 12, zege likiwa limepoa. Dakika 15 za kwanza ni nchi kavu, 40 makali na kupishanisha, 20 mbio fupi, na zinazobaki ni mchezo wa kukimbizana bila gongo. Jumapili asubuhi wanaoweza huenda ufukweni Shangani kusimama kwa mguu mmoja na kurukaruka peku kwenye mchanga. Hakuna dawa ya vifundo vya miguu inayoushinda mchanga wa pwani.

Kuwa na daftari. Kila mwisho wa mwezi pima muda wa kuzunguka umbo la nane mara tatu, kisha duara moja kushoto na moja kulia. Kinachonihusu zaidi ni tofauti kati ya pande mbili, maana karibu kila mtu hugeukia upande mmoja vizuri zaidi. Tofauti ikishuka chini ya sekunde 1, na mikunjo yote minane ikafika nusu duara, fungua gunia. Kwa wanaokuja mara tatu kwa wiki hilo huchukua miezi mitatu hivi.

Siku ya gongo rudini kwenye duara lilelile. Kwanza mkono mmoja, gongo likigusa chini. Kisha mikono miwili, bila mpira. Utaona kila mtu amerudi nyuma wiki kadhaa, macho yamekwenda kwenye gongo na goti limenyooka. Ni kawaida. Kumbusha sindimba, subiri. Mpira uingie kikao cha tatu au cha nne.

Na ikitokea siku mmoja wao amefika Nairobi, hoteli ya Panari ina barafu iliyofunguliwa mwaka 2005, ndiko timu ya hoki ya barafu ya Kenya Ice Lions ilikojifunzia. Chuma kitamshtua kwanza, kwa kuwa ni chembamba na hakimngoji. Avae, ashike ukuta dakika tano, halafu atafute kona isiyo na watu. Achore duara lake kwa macho, ashuke goti, aanze na mguu wa kushoto, makali ya nje.